PB yangu ya 1:47 ilikuwa ya mteremko

Ile PB ya 1:47 niliyoposti mwaka jana, naomba muifute kwa akili zenu.

Sikuichora kwa kompyuta. Miguu ilikuwa yangu, jasho lilikuwa langu, na saa sikuigusa. Lakini kuna kitu sikuwaambia, na nilikificha makusudi. Kwa hivyo hiyo namba naihesabu kama uongo.

Nilipanda matatu. Asubuhi na mapema nilitoka Meru mjini nikachukua gari la kwenda Nanyuki, nikashuka huko juu kwenye baridi, kilomita 21 na kitu kutoka mjini. Kondakta aliniangalia na kaptula yangu akauliza, “Boss, kweli unashukia hapa?” Nikamwambia ndio. Halafu nikawasha simu, nikageuka, nikakimbia nikirudi Meru.

Yeyote aliyewahi kusafiri ile barabara anajua. Kwenda Nanyuki unapanda. Kurudi Meru unashuka, na unashuka sana. Kuna mahali nilikuwa nikijizuia nisianguke. Nilifika mjini kwa saa 1, dakika 47 na sekunde 12, nikapiga picha, nikaandika “PB!!!” na alama tatu za mshangao.

Programu ya kukimbia hukupa mchoro wa jinsi njia ilivyopanda na kushuka. Wangu ulikuwa kama slaidi ya watoto. Nikakata picha pale chini ili mchoro usionekane. Hapo ndipo mbio ziliisha na uongo ukaanza.

Kwa wageni wa haya mambo: PB ni muda wako bora kabisa kwenye umbali fulani. Haushindani na mtu mwingine, unashindana na wewe wa jana. Nusu marathoni ni kilomita 21.0975, kokote duniani. Na njia si njia tu. Ili rekodi ikubalike, sheria za riadha haziruhusu njia kushuka zaidi ya mita 1 kwa kila kilomita, ukilinganisha mwanzo na mwisho. Kwa nusu marathoni hiyo ni mita 21. Mimi nilishuka mamia ya mita. Tena mwanzo na mwisho haviruhusiwi kuachana, kwa mstari ulionyooka, zaidi ya nusu ya umbali wa mbio, ndiyo usije ukasukumwa na upepo njia nzima.

Najua kuna msee atasema, “Wewe si Kipchoge, sheria za rekodi za dunia zinakuhusu nini?” Subiri kidogo, kwa sababu hata mabingwa yamewapata.

Chukua Paul Tergat. Na huyu hatuko mbali naye sisi watu wa mlima. Miaka ya tisini timu ya taifa ya mbio za nyika ilikuwa ikipiga kambi Kigari, pale chuo cha walimu, Embu. Walikuwa wanapanda na kushuka miteremko hii hii ambapo sisi tunachuma majani chai. Kutoka 1986 hadi 2003 wanaume wa Kenya walichukua taji la timu kwenye mbio za nyika za dunia kila mwaka, mara 18 mfululizo. Tergat mwenyewe alishinda taji la mtu binafsi mara 5 mfululizo, 1995 hadi 1999.

Sasa mwaka wa 1998 Tergat alikimbia nusu marathoni huko Milan kwa dakika 59 na sekunde 17. Rekodi ya dunia. Miaka miwili baadaye, Lisbon, akakimbia 59:06. Sekunde 11 chini. Lakini haikuwa rekodi, kwa sababu njia ya Lisbon wakati huo iliteremka kupita kiasi kinachoruhusiwa. Ni Tergat yule yule, ila barabara imetofautiana.

Geoffrey Mutai naye alikimbia marathoni ya Boston mwaka wa 2011 kwa 2:03:02. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kukimbia marathoni kwa kasi hiyo. Haikuingia kwenye rekodi, kwa sababu Boston inaanza mji mmoja na kuishia mwingine, na inashuka. Na Kipchoge, ile 1:59:40 ya Vienna, Oktoba 2019, tuliyoshangilia nchi nzima? Hiyo pia si rekodi. Alikuwa na wasaidizi wa kasi waliokuwa wakibadilishana njiani.

Na hakuna hata mmoja wao aliyekata mchoro. Ukisoma 59:06 ya Tergat, unaambiwa ni ya Lisbon na kwa nini haikuhesabiwa. Ukisoma 1:59:40, unaambiwa ilivyofanyika. Namba inatembea na njia yake. Ndiyo maana bado tunawaheshimu.

Kwa hivyo kukimbia mteremko si dhambi. Kimbia mteremko ukitaka, ni raha, ingawa kesho yake utashuka ngazi ukirudi nyuma kama kaa. Kosa langu ni kwamba niliitoa namba kwenye mlima wake nikaileta kwenu kana kwamba nimeikimbia mahali tambarare.

Kwa nini nilifanya hivyo? Nimefikiria sana, na jibu langu si zuri. Niliona haya.

Nchi hii ni ngumu kwa mkimbiaji wa kawaida. Kelvin Kiptum, Mungu amlaze pema, alimaliza marathoni nzima ya Chicago mwaka wa 2023 kwa 2:00:35. Mimi nikikimbia nusu yake kwa saa mbili, mtu ananiambia, “Na hiyo si ungetembea tu?” Ukikimbia asubuhi Meru mjini, pale Makutano, wa bodaboda anakuuliza kama umefukuzwa. Akigundua hujafukuzwa anakuuliza unashinda wapi na unalipwa ngapi. Ukisema hushindi na hulipwi, anakuangalia kwa huruma.

Tunafikiri mbio ni za watu wa Iten, na kazi yetu ni kushangilia. Hatuna nafasi ya mtu wa katikati: mtu ambaye si bingwa, si mvivu, anakimbia tu na anapata nafuu kidogo kidogo. Huyo hana picha ya kuposti. Kwa hivyo anatafuta mteremko.

Na hii haiishii kwa watu kama mimi. Ruth Chepngetich aliweka rekodi ya dunia ya nusu marathoni Istanbul mwaka wa 2021, 1:04:02. Mwaka wa 2024, Chicago, akawa mwanamke wa kwanza kumaliza marathoni chini ya 2:10. Oktoba 2025 akafungiwa miaka 3 kwa sababu ya dawa iliyokatazwa. Sijifanyi hakimu wake. Ila nilipoisoma ile habari nilikuwa tayari na kidole cha kuandika “aibu kwa taifa”, halafu nikakumbuka picha yangu niliyoikata pale chini. Sijameza kitu, sikuchukua pesa ya mtu, na makosa hayalingani hata kidogo. Lakini najua ile sauti inayokuambia ulivyo hutoshi, tafuta ya kuongeza.

Sasa niwaambie kilichonifanya niandike haya.

Wiki chache baada ya ile posti, dada mmoja kutoka upande wa Runyenjes aliniandikia. Alikuwa ameanza kukimbia kwa sababu ya video zangu. Alikuwa ameangalia 1:47 yangu, akapiga hesabu, akapata dakika 5 na sekunde 5 kwa kilomita. Akasema kama mimi nimefika hapo kwa miezi michache, na yeye ataweza. Akajaribu hiyo kasi barabarani kwao, ambako ni kupanda na kushuka bila huruma. Akafika kilomita ya 7, akakaa kando ya barabara. Aliniandikia: “Nimeacha. Nadhani mwili wangu si wa mbio. Lakini asante.”

Hiyo “asante” ilinikaa kooni.

Nilisoma ule ujumbe nikiwa matatu ya Embu, na sikujibu. Ningemwambia nini? Kwamba alikuwa akikimbiza namba ambayo hata mimi siwezi kuikimbia? Kwa sababu sikuweza. Nilijaribu.

Wakati wa likizo ya Aprili nilienda kwa shangazi yangu, Embu. Barabara kuu ya kwenda Meru sikuitaka. Wale wenye mapikapu ya miraa wanaowahi ndege Nairobi hawana breki za mkimbiaji, na hakuna njia ya miguu ya kuaminika. Karibu na kwa shangazi kuna shule yenye uwanja wa nyasi, na wakati wa michezo ya muhula wa kwanza mwalimu wa michezo alikuwa ameuchora kwa chokaa. Nikamuuliza, “Mwalimu, hii ni mita 400 kweli?” Akaniangalia kama nimemtukana. Akaingia stoo akatoka na tepu ndefu, akaniambia nishike upande ule. Tulipima. Ilikuwa 400.

Nusu marathoni kwa uwanja wa mita 400 ni raundi 52 na mita 297 na nusu. Huwezi kuzihesabu mwenyewe, ukifika ya 20 akili inakuwa uji. Binamu yangu mdogo, wa sekondari, alikaa chini ya mti na maharagwe 53 kwenye kikombe. Kila nikipita anatoa moja. Mwalimu alinionya nisikimbie laini ya pili, kwa sababu kila raundi ingeniongezea kama mita 7. Nikabaki laini ya kwanza kama ng'ombe wa kusaga miwa.

Nilimaliza kwa 2:13:50.

Saa mbili, dakika kumi na tatu. Binamu yangu akasema, “Si ulisema wewe ni wa moja arobaini na saba?” Mtoto wa sekondari, na ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza lile swali nililokuwa naliogopa. Nikamwambia ukweli hapo hapo chini ya mti. Akatafuna kidogo mkono wa sweta, akasema, “Kumbe. Basi hii ndiyo ya kwanza.”

Simu yangu, kwa njia, ilisema nimekimbia kilomita 22 na kitu. Inachanganyikiwa na kona. Ningeamini simu ningesimama raundi mbili kabla ya mwisho nikajipongeza. Na usidhani hayo ni ya vijijini tu. Marathoni ya Manchester, Uingereza, iligunduliwa kuwa fupi kwa mita 380, miaka mitatu mfululizo, 2013 hadi 2015. Maelfu ya watu wasio na kosa lolote waliamka wakakuta PB zao hazipo. Wanaopima barabara za mashindano hutumia baiskeli yenye kihesabio gurudumuni, halafu wanaongeza mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikawa fupi. Mimi nilikuwa na tepu ya mwalimu na maharagwe. Ilinitosha.

Kutoka Aprili hadi Agosti nilikimbia bila kuposti namba yoyote. Mara nne kwa wiki, nyingi zikiwa za polepole, kasi ya kuongea. Nikiwa Meru nilipanda ile ile barabara niliyokuwa nimeishuka, safari hii kwa miguu. Hapo ndipo nilielewa nilichokuwa nimewauzia.

Agosti nikarudi Embu. Mvua ilikuwa imefuta chokaa, tukapima na kuchora upya. Maharagwe yale yale, kikombe kile kile, na sasa shangazi naye alikuja na leso yake akakaa. Raundi ya 40 nilitaka kuacha. Binamu yangu akapiga kelele, “Kumi na tatu tu! Usinifanye nirudishe maharagwe!” Nikaendelea.

2:04:38.

Dakika 9 na sekunde 12 chini ya Aprili, uwanja ule ule, laini ile ile, nyasi zile zile. Kwa muda huo Kiptum angekuwa amemaliza marathoni nzima na kupumzika dakika nne. Sijali. Hiyo ndiyo PB yangu. Ile ya mteremko iko mbele yake kwa dakika 17 na siitaki.

Najua mtaniambia mtandao wote ni mteremko. Kila mtu anaposti uso wake mzuri, gari la kukodi, nyumba ya rafiki. Kwa nini mimi nijipige viboko kwa sababu ya mbio? Hoja hiyo ina nguvu, na sitasema kila mtu aungame. Lakini namba ni tofauti na picha nzuri. Picha nzuri unaiangalia ukasema “huyu amependeza.” Namba unaichukua, unaenda nayo barabarani, unajipima nayo. Watu wanapanga miili yao kwa kufuata namba za wengine. Ukiweka namba ya uongo, kuna mtu atakaa kando ya barabara kilomita ya 7 akidhani tatizo ni yeye.

Na nitaongeza moja ambayo wengine wenu mnaijua. Nilipoacha chuo, nilikaa muhula mzima nikiambia watu wa nyumbani kwamba masomo yako sawa. Mama alikuwa akiwaambia majirani niko mwaka wa tatu. Ilikuwa picha iliyokatwa chini, ile ile. Na nilipokuja kusema, kilichomuumiza mama zaidi haikuwa kuacha. Ilikuwa ile miezi aliyokuwa akijivunia kitu ambacho hakipo. Alisema, “Ungeniambia uko wapi, ningejua pa kukushika.”

Hilo ndilo ninaloliamini kuhusu PB. Namba ya kweli, hata ikiwa mbaya, inawaonyesha watu uko wapi. Mwalimu anaweza kukusaidia, binamu anaweza kukuhesabia, na wewe wa Agosti unaweza kumpita wewe wa Aprili. Wewe wa mteremko hutampita kamwe, kwa sababu hakuwahi kuwepo.

Kwa hivyo mimi nimejiwekea sheria, na kama unakimbia nakuomba uichukue. Posti muda pamoja na njia. Kama ni mteremko, sema mteremko. Kama simu ndiyo iliyopima, sema simu. Kama ni Lewa, sema Lewa, na ujisifu kabisa, kwa sababu pale ni Meru yetu: vumbi, vilima, jua, kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na helikopta zinazunguka kuhakikisha wanyama hawakukaribii. Mtu aliyemaliza nusu marathoni ya Lewa kwa saa mbili na nusu amefanya kazi kubwa kuliko mimi na 1:47 yangu. Lakini utajuaje kama hakutaja njia?

Na nyinyi mnaocheka walio polepole, punguzeni. Kila mnapomwambia mtu wa 2:04 “si ungetembea”, mnatengeneza mwongo mwingine.

Yule dada wa Runyenjes nilimjibu mwishowe. Nilimwandikia kila kitu: matatu, mteremko, picha niliyoikata, 2:13, 2:04. Nikamwambia kilomita 7 kwa kasi ile, kwenye vilima vyao, ni kitu ambacho mimi mwenyewe sikukiweza. Nikamwomba msamaha.

Alisoma. Alikaa siku mbili. Akajibu neno moja: “Sawa.”

Sijui kama alirudi barabarani. Sina haki ya kumuuliza. Lakini ile posti ya 1:47 sijaifuta. Nimeirekebisha tu: nimerudisha mchoro wa mlima pale chini, wote, na juu nimeandika “mteremko.” Nendeni mkaangalie.